Saa Tatu ya Mwalimu Placide

Kwa miaka kumi na tatu nililipwa mshahara kusoma habari za nchi ambazo nyingi sijazikanyaga. Wajukuu zangu wakiulizwa shuleni babu alikuwa anafanya kazi gani, husema alikuwa wakili. Nikiwasahihisha wananijibu kwa Kiswidi kwamba ni kitu kilekile. Si kitu kilekile, na kwa kuwa wawili watatu kati yenu mmeniambia mnaitaka kazi hii, kaeni niwaeleze ilivyokuwa, na makosa yangu mkiyasikia kwangu ni nafuu kuliko mkiyafanya wenyewe.

Mtu anapofika Sweden na kusema, "Kwetu nawindwa kwa sababu ya siasa," serikali humhoji, humwandika, kisha huuliza swali moja: anayoyasema yanafanana na tunayoyajua kuhusu nchi yake? Chama anachokitaja kipo? Wanachama wake wanakamatwa kweli, au ni viongozi tu? Barabara aliyopitia kukimbia inatoka wapi kwenda wapi? Akikataliwa, ana haki ya kukata rufaa, na hapo ndipo anapokuja kwa wakili. Wakili hana muda wa kusoma magazeti ya nchi ishirini. Alikuwa ananipa mimi jalada, nami nasoma, napiga simu, nachora ramani, mwishowe naandika kurasa mbili au tatu za taarifa. Kazi yangu iliishia hapo.

Niliingia kwa bahati. Nilikuja Stockholm kutoka Same kusomea ukutubi, nikaoa, nikabaki, nikafanya kazi za maktaba hapa na pale. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ofisi ndogo ya mawakili karibu na Hötorget ilitafuta mtu anayejua Kiswahili, Kiingereza na kupanga makaratasi. Wakili wake aliitwa Annika, mwanamke mrefu aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama. Lakini aliyenifundisha kazi si yeye. Alikuwa Gunvor.

Gunvor alikuwa amestaafu kutoka chumba cha kumbukumbu cha gazeti moja, akachoka kukaa nyumbani, akaja kwa Annika siku tatu kwa wiki. Alivaa miwani miwili shingoni, ya kusomea na ya kutazamia watu. Mimi nimelelewa kutomwita mtu mzima kwa jina tupu, kwa hiyo wiki za mwanzo nilimwita Bi Gunvor. Akaniuliza hilo Bi ni nini. Nilipomweleza alifikiri kidogo, akasema nilitoe, kwa sababu linamfanya ajione kama picha ya ukutani.

Taarifa yangu ya kwanza ilihusu gereza moja. Niliiandika kwa fahari. Nilikuwa na vyanzo kumi na kimoja, vyote vikisema wafungwa wa kisiasa wanateswa mle ndani. Gunvor alichukua penseli akaanza kufuata tanbihi. Ripoti hii imenukuu ile, ile imenukuu nyingine, nyingine imenukuu gazeti. Alichora mistari mpaka karatasi ikawa kama mpira wa uzi, na mistari yote iliishia kwenye aya moja ya gazeti moja iliyoanza na neno "inasemekana".

"Una chanzo kimoja," aliniambia, "nacho hakikuona kitu."

Nilikasirika siku nzima, ila tangu siku ile sikuhesabu tena karatasi. Niliuliza nani aliona. Halafu niliuliza tarehe tatu: siku jambo lilipotokea, siku lilipoandikwa, na siku mimi nilipolisoma. Mkizijua hizo tatu mmefika mbali. Nimeona taarifa za watu waliosoma zaidi yangu zikimweka madarakani gavana aliyekufa mwaka uliotangulia.

Vifaa vilikuwa vinabadilika kila baada ya muda mfupi. Nilianza na faksi na kadi za simu, zile za kukwangua namba, nazungumza na padri au mwandishi wa habari wa mbali huku sauti ya mashine ikinionya kwamba zimebaki dakika mbili. Baadaye mtandao ukajaa habari, tukadhani kazi imekuwa rahisi. Kumbe ukurasa uliousoma leo kesho haupo. Gunvor alinizoesha kuchapa kila ukurasa papo hapo na kuandika tarehe pembeni kwa mkono. Vijana wa ofisi walimcheka kwa makabati yake, hadi mwaka ambao tovuti tatu tulizozitegemea zilifungwa ndani ya mwezi mmoja. Hapo kila mtu akawa anamwomba ufunguo.

Basi niwaambie habari za Mwalimu Placide, maana nikiulizwa nilijifunza wapi kazi hii, nilijifunza kwake.

Placide alitoka mashariki ya Kongo. Mji wake sitautaja, na hata hilo jina si lake, kwa sababu siri za watu wale hazikustaafu pamoja nami. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa sekondari, mtu mwembamba, mtaratibu, na alikuwa katibu wa tawi la chama cha upinzani. Yeye ndiye aliyeandika daftari la wanachama. Siku moja tawi lilikutana katika ukumbi mdogo nyuma ya parokia. Watu wenye silaha wakavamia, wakachukua kina mwenyekiti, na daftari likachukuliwa likiwa na mwandiko wake kila ukurasa. Yeye alitoka kwa mlango wa jikoni, akajificha kwenye migomba mpaka giza, akavuka mpaka siku ya pili. Mkewe na watoto wawili walibaki kwa ndugu.

Alikuwa amekataliwa. Uamuzi uliandika kwamba mwombaji anasema mkutano ulianza saa mbili asubuhi na uvamizi ulitokea saa tatu asubuhi, wakati habari zinazoaminika zinasema uvamizi ule ulitokea alasiri. Kwa hiyo, ukasema uamuzi, haaminiki kwamba alikuwepo.

Annika alinipa jalada nikaanza kuchimba. Nilipata ripoti mbili zisizotegemeana na habari ya redio ya siku ileile. Zote zilisema saa tisa alasiri, na redio ilikuwa na sauti ya mama wa jirani aliyekuwa anaanua nguo wakati magari yalipofika. Huyo aliona. Nikaandika taarifa safi kwa kufuata mafunzo yote ya Gunvor, nikamwambia Annika kwamba waliomkataa wako sahihi. Mtu huyu ama amesahau, ama alisimuliwa na mwingine.

Annika hakupenda, lakini alikuwa mwadilifu. Alisema kabla hatujapeleka nyongeza ya rufaa, Placide apewe nafasi ya kueleza tofauti hiyo, na kwa kuwa nasema Kiswahili, nikamsikilize mimi, kisha wakae wote rasmi na mkalimani. Nilimpigia simu. Alikuwa anakaa Hjulsta kwa familia moja ya Wakongo. Tukakubaliana Kista, kwenye mkahawa ulio karibu na lango la tunnelbana, treni ya chini ya ardhi, kesho yake saa nne.

"Saa ine, ndiyo mzee," alisema.

Ilikuwa Februari. Nilifika mapema, nikanunua kahawa, nikakaa mahali pa kuona lango. Saa nne ikapita, na robo, na nusu. Nilimpigia, simu imezimwa. Nilipomaliza kahawa ya pili nilikuwa nimeshamhukumu. Niliona moyoni kwamba mtu mwenye kesi ya kufa na kupona hachelewi saa nzima, na kwamba taarifa yangu imepata uthibitisho wa mwisho. Nikarudi ofisini, nikamwambia Annika mteja wake hakutokea. Niliona alivyoumia, na kwa kweli, Mungu anisamehe, nilijisikia nimeshinda.

Alasiri simu yangu ikalia. Alikuwa Placide, na nyuma yake nilisikia kelele za watu na milango ya kituo.

"Mzee, niko hapa. Iko saa ine. Weye uko wapi?"

Nikatazama ukutani. Ilikuwa saa kumi jioni. Kwa Kiswidi wangesema saa kumi na sita, au kwa kifupi, saa nne. Nilimuuliza kwa ukali kidogo, asubuhi alikuwa wapi. Akasema asubuhi alikuwa kwenye darasa la Kiswidi, amezima simu kama walivyoagizwa, na kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyesema saa nne. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayehofu ameharibu jambo bila kujua ni lipi.

Nilisimama na simu mkononi. Sisi wa Tanzania, na wenzetu wa Kenya, tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Saa moja ya asubuhi ni jua limetoka, na kwenye sahani ya saa mshale unasoma saba. Hilo nalijua tangu utoto, na nilidhani kila anayesema Kiswahili anajua hivyo. Placide alisoma kwa Kifaransa, katika mji ambao watu husoma saa kama ilivyoandikwa kwenye sahani. Mshale ukiwa kwenye nne, kwake ni saa nne. Sasa rudini kwenye ukumbi. Kwake, saa mbili ilikuwa saa nane mchana kwetu. Saa tatu ilikuwa saa tisa alasiri, ileile ya ripoti mbili, ya redio na ya mama aliyeanua nguo. Mkalimani aliyemtafsiria siku ya mahojiano alikuwa mama wa pwani. Alisikia "saa tatu", akaitafsiri kwa Kiswidi kama ambavyo mimi ningeitafsiri, tisa asubuhi, na neno asubuhi likaingia kwenye karatasi bila Placide mwenyewe kulitamka.

Nilimwambia Placide asiondoke hapo. Nilirudi Kista kwa tunnelbana, nikamkuta amesimama palepale nilipokuwa nimekaa asubuhi, kofia mkononi. Niliomba radhi. Yeye akadhani namwomba radhi kwa kuchelewa, akasema haina neno, theluji hii inachelewesha kila mtu.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia pale. Kesho yake nilimweleza Gunvor kwa furaha, nikitarajia sifa. Alinisikiliza mpaka mwisho akavaa miwani ya kutazamia watu.

"Umegundua," alisema. "Bado hujaonyesha."

Alisema kweli. Mahakama haiwezi kumwamini mtu kwa sababu mtafiti wa wakili wake alikunywa kahawa peke yake Kista. Wangesema mwalimu huyu ni mwerevu, baada ya kukataliwa amebuni saa mpya. Tulihitaji karatasi iliyoandikwa kabla hajawahi kuihitaji, na mtu asiyemjua. Hilo lishikeni: ushahidi mzuri kuliko wote ni ule ambao aliyeutengeneza hakujua kama wewe upo duniani.

Wiki mbili nilitafuta. Nilijua mtu mmoja wa mji ule hapa Stockholm, Mama Furaha, mwimbaji wa kwaya, mfanyakazi wa usafi kwenye maofisi ya Kista. Sikumwambia habari za kesi. Nilimwomba tu anionyeshe karatasi yoyote ya zamani kutoka kwao iliyoandikwa kwa Kiswahili na yenye saa ndani yake. Alinitazama kama mtu anayepima akili zangu, akaniwekea chai, akaniuliza habari za mke wangu, watoto wangu na kanisa langu, na chai ilipokwisha ndipo akaleta sanduku la biskuti lililojaa picha. Chini kabisa kulikuwa na kadi ya harusi ya mdogo wake, ya miaka kadhaa kabla ya uvamizi. Iliandikwa kwa herufi za dhahabu: Misa, saa kumi. Karamu, saa kumi na tatu, katika salle ya parokia, yaani ukumbi.

Nilisoma mara mbili, nikaiweka mezani. Kwa hesabu yetu saa kumi na tatu haipo. Tukifika kumi na mbili tunaanza upya. Mtu anayeandika saa kumi na tatu anahesabu tangu usiku wa manane.

"Utanirudishia," Mama Furaha alisema. "Na usiiweke kikombe juu."

Gunvor naye hakukaa. Alikwenda kwenye maktaba ya zamani ya wamisionari, akashuka chini na tochi yake, akatoka na jarida la parokia ya mji ule lenye ratiba ya katekesi, saa kumi na nne mpaka saa kumi na sita. Mwalimu wa lugha za Kibantu katika chuo kikuu cha mji mwingine alituandikia barua ya ukurasa mmoja akieleza jambo hilohilo. Nilipata pia habari iliyotupinga: kusini zaidi, kwa wafanyabiashara wanaovuka ziwa kwenda Kigoma, watu wanahesabu kama sisi. Niliiandika hiyo vilevile. Mnaposema "wote" wakati ni "wengi", wa upande wa pili atampata huyo mmoja na kumleta mezani.

Halafu ukaja ugumu wenyewe. Gunvor alisema tukibadilisha saa moja tubadilishe zote, si zile zinazotufaa tu. Katika mahojiano ya Placide saa ilitajwa mara nane. Tukakaa tukazihesabu upya moja moja. Saba zilikaa vizuri kuliko mwanzo. Mpaka, ambao kwanza alionekana kauvuka ukiwa bado umefungwa, sasa aliuvuka ukiwa wazi. Lakini ya nane ilikataa. Karatasi ilisema alitoka kwenye migomba saa kumi na mbili jioni, giza likiwa limeingia. Kwa hesabu yetu hiyo inakaa sawa, na giza lina nafasi yake. Kwa hesabu yake saa kumi na mbili si jioni kamwe: ni adhuhuri, jua la utosini, au ni usiku wa manane.

Nilimwambia Gunvor tuiache hiyo. Hakuna atakayeigundua, nilisema, na mtu huyu ana watoto. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba siku wakiigundua wataitupa na kadi ya harusi pamoja nayo, na kwamba Placide hatapata nafasi nyingine. Akaniambia nirudi nikasome mahojiano yenyewe, si muhtasari, na nitie alama kila mahali saa inapotajwa mara ya kwanza. Nani aliitamka?

Nilisoma ofisini hadi macho yakauma. Zile saba zilitoka kinywani mwa Placide, katika majibu. Ya nane haikuwa kwenye jibu. Ilikuwa kwenye swali. Ofisa aliuliza, "Ilikuwa kama saa kumi na nane hivi ulipotoka mafichoni?" na Placide akajibu, "Ndiyo, giza lilikuwa limeingia." Bila shaka mkalimani alikuwa amegeuza kumi na nane ya Kiswidi kuwa saa kumi na mbili jioni.

Tulimwita Placide ofisini, safari hii na mkalimani na Annika, kila kitu rasmi. Annika alimuuliza alitoka kwenye migomba saa ngapi. Akasema hakujua, hakuwa na saa, aliona giza tu. Annika akamuuliza mbona alikubali saa kumi na mbili.

Placide alitazama mikono yake. "Ule mama alisema saa kumi na mbili jioni. Nilisikia jioni, nikaitika. Saa sikuielewa. Alikuwa mutu muzima, sikupenda kumupinga."

Annika aliandika maneno hayo kama yalivyo. Gunvor, aliyekuwa amesimama mlangoni na makaratasi, aliondoka. Baadaye nilimkuta jikoni anafuta miwani yote miwili.

Siku ya mahakama niliruhusiwa kukaa nyuma kama msaidizi wa wakili. Kulikuwa na hakimu mwanamke na wazee wa baraza watatu, raia wa kawaida kama ilivyo desturi huku. Mkalimani wa siku ile alikuwa Mkenya, kijana makini. Mwakilishi wa upande wa pili alisema kwa upole kwamba maelezo haya mapya ya saa yamekuja baada ya uamuzi, na kadi ya harusi haimhusu mwombaji. Annika akaeleza jarida, barua, na saa zote nane, ikiwemo ile ya giza. Alianza na ile ya giza, kabla hawajaiuliza.

Mzee mmoja wa baraza, aliyekuwa na kifaa cha kusikilizia sikioni, aliomba ruhusa ya kuuliza. Alinyoosha kidole kwenye saa ya ukutani juu ya mlango na kumwomba Placide aisome kwa Kiswahili.

Placide aligeuka. "Saa kumi na robo."

Mkalimani aligeuka naye akaitazama saa ile. Tulimsubiri. Kisha akasema kwa Kiswidi kwamba mwombaji amesema kumi na robo, na kwamba yeye kama mkalimani analazimika kuieleza mahakama kuwa katika Kiswahili chake, maneno yale ni saa kumi na robo ya jioni. Yeye mwenyewe angesema saa nne na robo.

"Kwa hiyo," hakimu alimuuliza, "ungekuwa wewe siku ile, ungeandika nini?"

Kijana yule alifikiri. "Ningeandika asubuhi," alisema. "Samahani."

Nilimwona Placide akimtazama mkalimani, si kwa hasira. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alielewa nini kilimpata. Mpaka siku ile, licha ya maelezo yetu yote, sehemu yake moja ilikuwa inaamini kwamba walimwona mwongo kwa sura yake.

Tulingoja wiki kadhaa. Nilijaribu kufanya kazi nyingine. Nisiwafiche, si kila taarifa niliyoiandika ilimsaidia mtu. Mwaka uleule niliandika kwamba gereza alilolitaja mwombaji mmoja lilikuwa limefungwa muda mrefu kabla ya tarehe alizotoa, na ilikuwa kweli, nilikuwa na picha na mashahidi, na Annika akamwambia mteja wake ukweli huo uso kwa uso. Mtu yule aliondoka ofisini bila kuniaga. Nimemfikiria mara nyingi. Lakini taarifa yangu ya saa za Placide isingekuwa na uzito wowote kama mimi ningekuwa mtu wa kuandika kila anachotaka mteja. Ukiitaka kazi hii, uwe tayari kuandika zote mbili kwa mkono uleule.

Hukumu ilikuja kwa posta mchana mmoja. Annika aliisoma akiwa amesimama, kama kawaida yake, kisha akakaa, na mimi sikuwahi kumwona akikaa saa ile ya siku. Placide amepewa hifadhi. Nilimpigia mwenyewe. Akaniuliza kama naweza kurudia kwa Kiswidi, apate kusikia kama watakavyomwambia wao. Nikarudia. Akasema asante kwa Kiswidi, taratibu, kama mwanafunzi anayesoma ubaoni.

Ile hukumu niliisoma yote. Inasema "kwa mujibu wa taarifa zilizowasilishwa kuhusu nchi", na basi. Humo hamna jina langu wala la Gunvor, na kadi ya Mama Furaha imeitwa "kielelezo cha tatu". Nilimrudishia kielelezo chake kikiwa hakina doa. Gunvor alifanya kazi nasi miaka mingine minne, akaacha kwa sababu ya magoti, na makabati yake akaniachia mimi. Placide alifundisha Kiswahili kwa watoto katika shule za Spånga, na nasikia ni mkali kwenye sarufi.

Mkewe, Espérance, na watoto walifika baada ya karibu miaka miwili ya makaratasi. Placide alituomba tuende naye uwanja wa ndege wa Arlanda, Annika na mimi. Tulisimama kwenye kizuizi na makoti matatu ya kuazima juu ya mikono yetu. Walipotoka, mtoto mkubwa alimtambua baba yake, mdogo hakumtambua. Alikuwa mchanga alipoachwa. Placide alipiga magoti mbali naye kidogo, akamngoja, hakumvuta. Watu wakapita na mizigo yao pande zote mbili. Ilichukua muda, lakini mtoto akaja mwenyewe.

Espérance alimshukuru Annika kwa mikono miwili. Kisha akanitazama mimi, mzee aliyeshika koti la mtoto, akamuuliza mumewe huyu ni nani.

"Huyu ni mzee alikatala kuniamini mpaka ahakikishe," Placide alisema.

Mkewe alinitazama tena, akacheka kidogo, kwa uchovu wa safari, akaniambia karibuni nyumbani, ingawa alikuwa bado hajaiona. Nilimvika yule mdogo koti. Lilikuwa kubwa, ikabidi nikunje mikono mara mbili.